Jakuzi la nyumbani wakati wa kipupwe: uzoefu wangu Jambiani

Jakuzi ninalolizungumzia, yaani beseni kubwa la maji moto lenye matundu ya kupuliza hewa, ni la watu wanne, la akriliki ngumu, lenye ujazo wa lita 1,000 na hita ya kilowati 2, na limewekwa uani kwangu Jambiani, Zanzibar, upande wa nyumba unaoelekea baharini. Tunalitumia sisi wa nyumbani pamoja na wageni wa vyumba viwili ninavyovikodisha. Hamu ya kuliingia huwa kubwa zaidi baina ya Juni na Agosti, kipupwe kinapoingia na upepo wa kusi ukavuma mchana na usiku, kiasi kwamba mtu aliyetoka kuogelea jioni hutetemeka kabla hajaufikia mlango. Tathmini hii inahusu miezi hiyo hasa, kwa kuwa ndiyo inayoonesha kama chombo cha namna hii kinastahili fedha zake.

Kitabu cha maelekezo kiliandikwa kwa ajili ya nchi za theluji. Sehemu kubwa yake inaeleza namna ya kuzuia maji yasigande ndani ya mabomba, kwa sababu maji yakiganda ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 9 na kupasua mabomba na pampu. Ndiyo maana mtambo una kinga inayoiwasha pampu yenyewe pale baridi inapokaribia nyuzi sifuri. Kwetu, ambako usiku wa baridi kabisa huteremka hadi nyuzi 21 au 22 hivi, kinga hiyo italala maisha yake yote. Kurasa zilizonifaa ni zile chache zinazohusu kifuniko, na ningependa muuzaji angeanza nazo, kwani katika pwani hii kinachokula umeme ni upepo.

Hesabu yake si ngumu. Kuongeza joto la lita 1,000 kwa nyuzi moja kunahitaji uniti 1.16 za umeme. Maji yangu hutoka tangini yakiwa na nyuzi 26 hivi, na kuyafikisha 38 ni uniti 14, kazi ambayo hita ya kilowati 2 huifanya kwa saa saba. Gharama hiyo hulipwa siku ya kujaza maji mapya tu. Inayomaliza tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, ni ile ya kila siku: lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto linalolingana na theluthi mbili za uniti, kiasi cha kuyapoza maji yaliyobaki kwa zaidi ya nusu nyuzi, na upepo wa kusi ukipita juu ya maji moto yaliyo wazi hubeba lita nyingi kwa usiku mmoja. Kifuniko kikiwa kimekaa sawasawa, asubuhi huyakuta maji yameshuka nyuzi mbili hivi. Kikiwa kimenyanyuka upande mmoja kwa sababu ya upepo, hukuta yamepoa kabisa na hita imekesha.

Nilipofikiria kubadilisha hita niweke kubwa zaidi, fundi wangu wa umeme aliinama, akapitisha mkono chini ya ukingo wa kifuniko, akasema, “Mama, hita haina kosa. Tia kamba nne hapa, kisha tuzungumze.” Kamba zilitiwa, na baadaye nikajenga ua wa makuti upande wa kusi, wenye kimo cha mtu aliyesimama. Hilo la pili ndilo badiliko lililonipa faida kubwa kuliko kitu chochote nilichokinunua dukani, kwa sababu hupunguza upepo hata wakati watu wamo ndani na kifuniko kimeondolewa. Makuti hupitisha hewa kidogo, kwa hiyo hayaangushwi na upepo kama ubao. Chini ya kifuniko, juu ya uso wa maji, hutandika pia shuka la plastiki lenye mapovu ya hewa, nalo huzuia mvuke usifike kwenye sponji ya kifuniko. Sponji ikishanywa maji huwa nzito na haihifadhi joto tena. Chumvi ya bahari na jua huikausha ngozi ya nje ya kifuniko, hivyo huiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ninaposafisha chujio.

Maji yenyewe ndiyo mtihani mwingine. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima yanayopita humo huja na chokaa nyingi, na karibu na ufuo huja na chumvi pia. Chokaa ina tabia ya kuganda pale maji yanapopata moto, kwa hiyo hujenga ukoko juu ya hita kwanza kabla ya kuonekana mahali pengine popote, wakati chumvi hutoboa chuma. Dawa niliyoiona ni kuchanganya: maji ya mvua ya masika niliyoyavuna kutoka kwenye bati na kuyahifadhi tangini, pamoja na maji ya kisima kilicho mbali na ufuo. Ratiba ya majira imetupendelea hapa, kwani masika humalizika Mei na kipupwe hufuata moja kwa moja. Hata hivyo sishauri kutumia maji ya mvua peke yake. Maji yasiyo na chokaa kabisa hula metali na hutoa povu kwa urahisi. Mimi hulenga kiwango cha miligramu 150 hadi 250 za chokaa kwa lita, ambacho karatasi za kupimia huonesha vya kutosha.

Karatasi hizo hizo hupima pH (kipimo cha uasidi wa maji) na klorini (dawa ya kuua vijidudu), na ni bora ukose kiti cha kupumzikia kuliko kuzikosa. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani vinaelekeza kwamba majakuzi yawe na klorini isiyopungua miligramu 3 kwa lita na pH baina ya 7.0 na 7.8. Sababu ni kwamba bakteria wa Legionella, wanaoleta aina kali ya homa ya mapafu kwa mtu anayevuta matone madogo ya maji, hustawi katika joto lile lile tunalolipenda sisi. Katika jakuzi langu pH hupanda tu, haishuki. Matundu yanayopuliza hewa hufukuza gesi ya kaboni iliyomo majini, na pH huinuka, na ikiinuka sana klorini hupoteza nguvu hata kama kipimo chake kinaonekana kizuri. Hufunga vali za hewa kila watu wanapotoka, na hutumia asidi kavu kidogo kidogo pampu ikiwa inazunguka.

Povu ni kisa cha wageni. Mtu akitoka kusingwa kwa singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, au amejipaka mafuta ya nazi, au krimu ya kujikinga na jua, kisha akaingia moja kwa moja, maji hugeuka kama ya dobi kabla ya isha. Niliweka bomba la kuogea hatua chache kutoka jakuzi, na sharti la kuoga kwanza kwa sabuni na kusuuza vizuri halina msamaha, hata kwa wanangu. Kuhusu kubadilisha maji, kanuni inayotumiwa sana ni kugawa lita za jakuzi kwa 12, kisha kugawa jawabu kwa idadi ya watu wanaoingia kila siku. Kwa lita 1,000 na watu wawili inatoka kama siku 42. Wageni wakijaa, muda huo hupungua zaidi ya nusu, na uniti 14 za kuanzia hurudi kwenye hesabu. Bei ya chumba lazima ilijue hilo.

Umeme ukikatika sina wasiwasi wa mwenzangu wa Ulaya, ambaye mabomba yake yanaweza kupasuka usiku mmoja. Huliacha jakuzi limefunikwa, na hakuna anayeruhusiwa kuingia mpaka pampu irudi, izungushe maji na klorini ipimwe upya. Wanaoikumbuka miezi mitatu ya giza iliyoanza Disemba 2009, kebo ya umeme ya baharini ilipoharibika, wataelewa kwa nini nisingemshauri mtu anayetegemea jenereta ndogo anunue chombo hiki. Faida ya modeli za soko la Uingereza ni kwamba volti na plagi zake ni kama zetu, na kilowati 2 pamoja na pampu hubebwa na soketi ya ampea 13. Zile za Marekani za volti 120 ziacheni. Swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, ni ya lazima, na fundi aipime mbele yako.

Joto siruhusu lizidi nyuzi 40, na kwa kukaa kwa muda mrefu 38 inatosha. Watoto walio chini ya miaka mitano hawaingii, na mjamzito aulize daktari kwanza. Lawama yangu kwa muuzaji ni vipuri: machujio yalichelewa sana kufika kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo anayenunua achukue mawili ya akiba siku hiyo hiyo, pamoja na vipimo kamili vya kifuniko, kwa sababu ndicho kitakachochakaa mwanzo.

Kaskazi ikianza Disemba huizima hita kabisa, na maji hukaa karibu na nyuzi 29 yenyewe. Kifuniko hakiondoki hata hivyo, maana jua la miezi hiyo huimaliza klorini ya maji yaliyo wazi ndani ya saa chache, na kipimo ambacho katika kipupwe hukifanya asubuhi tu, wakati huo hukirudia jioni.