Kihesabu mionzi cha Geiger cha kujiundia: mipigo ndiyo, mikrosieverti hapana

Nimekitumia hapa Nairobi kwa majaribio ya fizikia ya kiini. Ndani ya boksi kuna bodi, tyubu ya kioo aina ya J305 inayonasa mionzi (kila chembe inayonaswa ni mpigo mmoja), skrini na spika ndogo. Kinatumia volti 5, chaja ya simu inatosha.

Kasoro kubwa iko kwenye maelekezo: eti pima volti za tyubu kwa multimita, zungusha skrubu hadi 400. Usithubutu. Multimita ya kawaida ina ukinzani wa megaomu 10, hivyo kwenye volti 400 inanyonya mikroampea 40, na saketi hii haiwezi mzigo huo. Volti zinaporomoka, unaona 250, unaongeza. Ukiondoa mita, tyubu inabaki na volti kupita kiasi: inapiga mfululizo bila chanzo chochote na kufa mapema. Tanguliza rezista ya gigaomu 1; mita ikisoma 3.96, tyubu ina 400. Ukiikosa Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi, unga 20 za megaomu 10 kwa mfuatano, kisha zidisha unachosoma kwa 21.

Ncha za tyubu usizilehemu, kioo kitapasuka. Zibane kwenye vishikio vya fyuzi. Mabaki ya lehemu yafute kwa spiriti, la sivyo umeme utavuja juu ya bodi. Jua likiipiga tyubu hesabu hupanda, basi ifunike kwa karatasi nyeusi.

Chanzo rahisi ni mbolea ya MOP ya agroveti, ambayo ni kloridi ya potasiamu. Kila gramu ya potasiamu ina mipasuko (atomi zinazobadilika na kutoa mionzi) kama 31 kwa sekunde, kutokana na potasiamu-40, aina yake yenye mionzi. Itandaze chini ya tyubu kwa unene wa nusu sentimita. Kujaza debe ni kazi bure: beta (elektroni zinazorushwa na atomi) za chini humezwa na mbolea yenyewe. (Ile ndizi inayosifiwa sana ina mipasuko kama 15 tu, hutaiona.)

Hesabu dakika 10 bila mbolea, dakika 10 nayo, toa. Ukipata mipigo 250, shaka ni mzizi wake, takriban 16, kwa hiyo tofauti ya 10 si kitu.

Mikrosieverti (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) za skrini zipuuze hapa. Kizidisho kinachogeuza mipigo kuwa mikrosieverti ni cha miale ya gamma, na unachohesabu kwenye mbolea ni beta karibu zote. Alfa, aina nyingine ya chembe za mionzi, haipenyi kioo kabisa; anayetaka kuipima atafute tyubu yenye dirisha la maika.