Kadi za matukio yaliyobadilisha dunia: walimu wa historia, hela yenu itarudi?

Naona walimu wenzangu mnaulizia hiki kiboksi cha kadi za matukio yaliyobadilisha dunia, kile cha elfu 35 kwenye maduka ya vitabu. Mi nakitumia na klabu ya historia, vijana wa fomu tu na fomu thrii. Kwa kweli hela inarudi, ila msiingie nazo darasani kavukavu bila kuzipitia.

Mchezo wenyewe mwepesi. Unamwaga kadi mezani, kila mmoja anachagua yake, anasimama kuitetea kwamba bila tukio hili dunia ya leo isingekuwa hivi, wenzake wanambana kwa maswali halafu kura zinapigwa, kelele mpaka ofisi ya jirani wanachungulia.

Mwanzoni wote walikimbilia mwezini 1969 na bomu la Hiroshima, maana picha zake kali. Kadi ya ndui ikadoda, ina kapicha ka sindano tu, binti mmoja akaichukua kwa vile nzuri zilishaisha. Akaenda kusoma, kipindi kilichofuata akaja na habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali pale Merca, Somalia, aliyeugua ndui Oktoba 1977 akapona, na ndo mgonjwa wa mwisho duniani kuupata nje ya maabara, 1980 shirika la afya duniani likatangaza ugonjwa umetokomezwa. Akawauliza wenzake nani humu amewahi kumwona mgonjwa wa ndui? Kimya. Akasema haya, hoja yangu ndo hiyo, akakaa. Wa bomu na wa mwezini wote chali.

Sasa lawama. Karatasi ni laini, kona zinakunjika haraka, maandishi ya nyuma madogo halafu Kiingereza kigumu, kwa hiyo mabishano yote tunafanya kwa Kiswahili tu. Na aliyezitunga macho yake yako Ulaya! Mapinduzi ya Ufaransa yana kadi tatu, Haiti hakuna hata moja, wakati wale walikuwa watumwa wakamtimua Mfaransa na 1804 wakatangaza nchi yao, jamani hilo nalo halijabadilisha dunia? Ya Mkutano wa Berlin, ule wa Wazungu kugawana Afrika, imeandikwa 1884 basi, wakati uliendelea mpaka Februari 1885, na haisemi kwamba pale mezani hakukuwa na Mwafrika hata mmoja.

Ya vita ya kwanza ya dunia ndo ilileta kasheshe, inasema iliisha 11 Novemba 1918, kijana mmoja akagoma kabisa, akasema huku kwetu Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuja kusalimisha silaha 25 Novemba kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, sasa hizo wiki mbili wapagazi wetu walikuwa wanabeba mizigo ya vita gani? Kipindi kikaishia hapohapo. Kadi yenye kasoro ikafundisha kuliko zile nzuri zote.

Ushauri wangu kateni manila saizi ileile muwape vijana waandike za kwao. Wangu wameongeza Maji Maji, Vasco da Gama kufika Malindi 1498, na M-Pesa ya Kenya 2007, hiyo ya mwisho inashinda kura karibu kila mara na wazee wa historia tunanuna tu. Zipigeni lamination mapema. Shule za msingi msinunue, maneno ni mengi mno kwa watoto.