Breki kulia asubuhi: kutu ya usiku au pedi zimekwisha?

Ukiwasha gari asubuhi unakanyaga breki mara ya kwanza inalia kwiiii, usikimbilie kununua pedi mpya. Mara nyingi ni kutu tu, diski, ile sahani inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi ukikanyaga breki, ni chuma na ikilala kwenye unyevu au mvua, au baada ya kuosha gari, inashika kautando kembamba ka kutu, ukifunga breki mara chache pedi zinakakwangua na kelele inaisha yenyewe. Hiyo haina shida kabisa.

Pedi zilizokwisha ni kitu kingine. Hizo hazijali asubuhi wala jioni, zinalia siku nzima, kwa sababu pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski zikishabaki kama milimita 2 au 3 hivi, kimewekwa makusudi kikupigie kelele. Chungulia na tochi kupitia matundu ya rimu uone unene wa pedi, ikifika milimita 3 badilisha, na angalia ya ndani pia maana wakati mwingine ndiyo inaisha kwanza. Ukisikia inasaga chuma kwa chuma, jamani usiendeshe hiyo gari, ita fundi.