Napikia stima Nakuru: maoni yangu kuhusu bei ya tokeni

Sisi wa Kiamunyi tuko karibu na Menengai, ambako kituo cha umeme wa mvuke wa ardhini cha Sosian, megawati 35, kilianza kazi 2023. Olkaria, huko Naivasha, imezalisha umeme wa mvuke tangu 1981. Basi swali la mtaani ni lile lile: stima inatoka kwetu, mbona tokeni, yaani umeme tunaolipia kabla ya kuutumia, ni ghali? Ni kwamba mvuke hauna bei yake. Mvuke, maji, upepo wa Ziwa Turkana na mafuta, vyote huingia chungu kimoja na mteja hupakuliwa mchanganyiko.

Risiti naisifu. Ukiisoma yote, si ile meseji fupi, unaona pesa zilikoenda: stima yenyewe, mafuta, kupanda na kushuka kwa dola, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini, VAT asilimia 16. Hiyo ya mafuta huwaudhi wengi, maana takribani asilimia 90 ya umeme wa Kenya ni wa nishati jadidifu, kama mvuke, maji na upepo. Lakini jioni, kila nyumba ikiwasha taa na TV, mitambo ya mafuta nayo huwashwa, na gharama yake husambazwa kwa kila yuniti, hata uliyotumia mchana jua likiwaka. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza kiwango hicho cha mafuta kila mwezi, ndiyo maana elfu moja ya leo haileti yuniti za mwezi jana.

Kinachoniuma ni madaraja. Bei zilizoanza Aprili 2023, kabla ya tozo na kodi, zilikuwa shilingi 12.22 kwa anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, 16.30 hadi 100, na 20.97 ukipita hapo. Huangaliwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Tangu ninunue jiko la stima nimepanda daraja, na bei ya juu hushika yuniti zote, tangu ya kwanza. Jirani yangu wa makaa yuko chini bado. Tunahimizwa tuache moshi, halafu anayeuacha ndiye anayelipishwa zaidi!

Usiku matumizi hushuka na mvuke mwingine wa Olkaria huachiliwa hewani. Viwanda vimekuwa vikipunguziwa bei ya usiku tangu Desemba 2017, kuanzia saa nne. Sisi wa nyumbani hatuna mpango huo. Ungekuwepo, maharagwe ningeyainjika saa tano usiku. Kwa sasa bei ya tokeni naipa nyota tatu kati ya tano.