TAHADHARI: Kuna muuzaji wa vijitabu feki vya kujikinga na mabomu, Vita Kuu ya Pili

Ndugu zangu mnaokusanya vijitabu vya Uingereza vya wakati wa vita, hasa sisi tunaoishi huku na kununua mtandaoni, kuna tapeli anazunguka. Simtaji jina kwa sababu hubadilisha akaunti kila akishtukiwa. Nawaeleza mali yake ilivyo ili mkikutana nayo muijue.

Anapenda kuuza kile cha Wizara ya Mambo ya Ndani cha mwaka 1938, The Protection of Your Home Against Air Raids. Bei yake inaumiza kiasi cha kumfanya mtu aamini. Kila nakala huja na hadithi ya bibi yake, na pembeni mwa kurasa kuna maandishi ya penseli: nani alale upande gani wa handaki, blanketi ngapi, mshumaa ukae wapi. Mzee wetu mmoja, mtu wa Mombasa anayeishi Birmingham, alinunua akafurahi mno. Baadaye rafiki mwingine akanunua ya kwake kutoka akaunti nyingine. Tulipoziweka mezani pamoja, majina ya watoto yalikuwa yaleyale, blanketi zilezile, hata doa la chai limekaa kona ileile.

Ile "penseli" imetoka kwenye printa. Ukiipitishia kifutio haifutiki. Tazameni na pini za katikati. Kwenye kijitabu halisi, kutu ya pini huwa imeila karatasi, pengine hadi kutoboa. Huyu ameskani kutu pamoja na ukurasa, kwa hiyo doa lipo, lakini pini zinang'aa na wala hazikukaa juu ya doa lenyewe. Mikunjo ni hivyohivyo: jicho linaiona, kidole hakiisikii.

Mwenye taa ya kukagulia noti aitumie. Karatasi nyingi za leo hung'aa rangi ya samawati chini ya taa hiyo kwa sababu ya dawa za weupe zilizoanza kutiwa baada ya vita. Karatasi ya 1938 haing'ai hivyo.

Hata hadithi yake haisimami. Anasema bibi yake alilala chini ya meza ya chuma ya Morrison, kinga ya mabomu ya kuwekwa ndani ya nyumba, mwezi Septemba 1940, London ilipoanza kupigwa kila usiku. Meza hizo zilianza kutolewa Machi 1941! Septemba ile, wengi waliokuwa na bustani walijificha kwenye handaki la Anderson: mabati ya migongo yaliyofukiwa futi nne ardhini na kufunikwa udongo, watu sita ndani ya urefu wa futi sita na nusu na upana wa futi nne na nusu. Serikali ilianza kuyagawa Februari 1939, bure kwa wenye kipato cha chini ya pauni 250 kwa mwaka, wengine wakilipa pauni 7. Mvua ikinyesha maji yalijaa humo, na bado watu waliwakumbatia watoto wao humohumo hadi king'ora cha salama kilie.

Ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko hela. Mashambulizi yale yaliua raia zaidi ya 40,000 hadi Mei 1941. Maandishi ya penseli kwenye kijitabu cha kweli ni ya mama aliyekuwa akihesabu blanketi huku anaogopa. Huyu anambuni mama huyo, anabuni na wanawe, kisha anawauza. Nakala zikishasambaa, kuna mtu atayaandika majina hayo kama ya watoto waliowahi kuishi.

Nakala iliyochapwa upya haina ubaya. Maduka ya makumbusho huziuza na husema wazi kwamba ni mpya.

Kabla ya kulipa, ombeni picha ya pini za katikati na ya ukurasa wa mwisho, ikiwa imepigwa mwanga ukitokea ubavuni. Huyu hutuma jalada tu. Ukimbana anakuhamishia WhatsApp na kutaka umtumie pesa benki moja kwa moja, ili soko lisikulinde. Msikubali kabisa. Aliyelipa kwa kadi apige simu benki leo aombe kurudishiwa. Mzee wa Birmingham kaipata yake yote. Na mwenye nakala yenye orodha ya blanketi, tafadhali anitumie picha ya ukurasa huo, tunakusanya ushahidi wa kupeleka polisi.