Mkutano wa wazi au wa faragha?

Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kina mikutano ya aina mbili. Ule wa wazi humpokea yeyote: mke, ndugu, hata mwanafunzi wa udaktari anayetaka kusikiliza tu. Wa faragha ni wa wanaotaka kuacha pombe, basi.

Mgeni mwenye haya huambiwa aanze na wa wazi, akae nyuma karibu na mlango, chai mkononi, dada yake ubavuni. Mimi nasita. Mbele ya dada utaitaja kweli ile chupa uliyoificha kwenye gunia la mkaa? Kwenye wa faragha ukiitaja, wenzako wanaitikia kwa kichwa. Mmoja wao, ya kwake aliificha kwenye tangi la choo.

Kiingilio hakuna popote. Kikapu kikipita, toa ukipenda.