Nimesoma uchumi wa miji bure kutoka MIT nikiwa Mbeya: tathmini yangu

Nianze na jibu, maana wengi mnalitaka hilo kwanza. Kama unafanya kazi ya viwanja na nyumba, au uko idara ya mipangomiji kwenye halmashauri, au una akiba unayotaka kuiweka kwenye matofali, masomo haya yanastahili muda wako. Kama unatafuta cheti cha kuombea kazi, hakipo.

Nazungumzia MIT OpenCourseWare, mahali ambapo chuo cha MIT cha Marekani huweka mtandaoni maelezo ya masomo yake, bila ada wala kujisajili. Masomo ya idara yao ya mipangomiji yote yanaanza na namba 11. Mimi nimesoma matatu: 11.433, uchumi wa ardhi na majengo, 11.431, fedha na uwekezaji wa majengo; na 11.437, namna ya kupata fedha za kukuza uchumi wa mji. Mimi ni dalali, nina ofisi ndogo hapa Kabwe, elimu yangu rasmi iliishia kidato cha sita, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hesabu). Hesabu hazikunitisha. Ukijua asilimia, kipeo na kutumia Excel, unaenda nazo. Kiingereza chake ndicho kizito, kwa hiyo soma taratibu. Uzuri ni kwamba somo zima unaweza kulipakua kwa mkupuo mmoja. Mimi napakua kwa bando la usiku, mchana nasoma nikiwa nje ya mtandao, wateja wakipungua.

Ukiwa na muda wa somo moja tu, chukua 11.433. Ndani yake kuna mchoro uliotengenezwa na Denise DiPasquale na William Wheaton, huyu wa pili akiwa profesa wa hapo hapo MIT. Ni msalaba unaougawa ukurasa sehemu nne. Sehemu ya kwanza ni soko la kupanga: vyumba vilivyopo na watu wanaovihitaji vinatoa kodi. Ya pili inachukua kodi ya mwaka, inaigawa kwa kiwango cha faida anachodai mwenye mtaji, na hapo inatoka bei ya jengo. Ya tatu inaweka bei hiyo mbele ya gharama ya kujenga: bei ikizidi, watu wanajenga. Ya nne inachukua kilichojengwa, inatoa kilichochakaa, na kukupa idadi mpya ya vyumba, ambayo inarudi sehemu ya kwanza kuigusa kodi upya.

Nilipouelewa nikaupeleka Ikuti, kule Iyunga, kilipo MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Wanafunzi wakiongezeka, kodi inapanda. Kodi ikipanda, kila mwenye kiwanja anamwita fundi. Kwenye maelezo ya Marekani jengo linachelewa kidogo kwa sababu ya vibali na ujenzi wenyewe. Kwetu linachelewa zaidi, kwa sababu hatujengi kwa mkopo. Mtu anamwaga msingi mwaka huu, anafika kwenye lenta mwaka wa tatu, anapaua akishauza mpunga au akipata kiinua mgongo. Tofali za kuchoma zinataka kiangazi, na mvua zikianza Novemba mafundi wengi wanasimama. Kwa hiyo ukitaka kujua kodi ya Ikuti itakuwaje miaka ijayo, usiangalie nyumba zilizopakwa rangi. Hesabu maboma, zile nyumba ambazo hazijaisha. Mimi nilichukua daftari nikapita mtaa kwa mtaa nikiandika: msingi tu, usawa wa dirisha, lenta, limepauliwa halina madirisha. Kila boma lililofika lenta ni vyumba ambavyo vitaingia sokoni, na vikiingia kwa pamoja mwenye nyumba atakuwa anambembeleza mpangaji. Hilo halijaandikwa kwenye somo lao, ila bila mchoro ule nisingejua cha kuhesabu. Ndugu yangu wa Kihesa, Iringa, amefanya hivyo hivyo kwake, na anasema kule mlima na mawe vinabana viwanja kiasi kwamba sehemu ya tatu ya mchoro inakwenda polepole zaidi.

Ukubwa wa jambo hili uko kwenye sensa. Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279 mwaka 2012, na 541,603 mwaka 2022. Watu zaidi ya laki moja na nusu waliongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mmoja wao anahitaji pa kulala, maji, njia ya kupita na mahali pa kutafutia riziki. Wengi wamewekwa mjini na watu wa aina yangu, madalali, pamoja na wenye mashamba waliokata vipande, kabla mchoro wa mipangomiji haujafika. Ndiyo maana naona elimu hii inatuhusu sisi kabla ya mtu mwingine yeyote.

11.431 ni somo la hesabu tupu, nalo ndilo ninalolitumia na wateja. Msingi wake ni thamani ya leo ya fedha ya kesho. Alikuja mwalimu mstaafu kutoka Tukuyu, ana shilingi milioni 50, anataka vyumba kumi vya wanafunzi. Nikamwambia, "Mwalimu, naomba tukae kwanza tupige hesabu." Chumba shilingi 40,000 kwa mwezi, lakini mwanafunzi analipa miezi kumi, likizo chumba kiko wazi. Hapo ni milioni 4 kwa mwaka. Toa laki tano za rangi, vitasa, choo kilichojaa na mlinzi wa likizo. Inabaki milioni 3.5, yaani asilimia 7 ya mtaji wake. Nikaiweka kando ya hatifungani ya Serikali ya miaka 25, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba, ambayo ilikuwa ikitoa asilimia 15.95 kwa mwaka hadi 2022, kisha zile mpya zikashushwa hadi 12.56. Mwalimu akaitazama karatasi kwa muda, akasema, "Mwanangu, hiyo hela ya karatasi siioni. Nyumba naiona."

Nami namheshimu kwa jibu hilo, kwa sababu lina hoja. Riba ya hatifungani haipandi, na ardhi ya Ikuti inapanda. Anachonunua ni kodi pamoja na matumaini ya bei ya kiwanja. Somo linakufundisha kuyatenganisha hayo mawili na kuuliza: bei ya kiwanja ipande kwa asilimia ngapi kila mwaka ndipo nisipate hasara? Tukaendelea mbele kidogo. Milioni 10 iliyolala kwenye msingi miaka sita bila paa, ukiihesabia asilimia 12 kwa mwaka, imekugharimu karibu milioni 20. Hapo mwalimu ndipo alipobadilika. Aliamua kujenga vyumba vinne na kuvimaliza kabisa, viingize kodi mapema, na fedha nyingine akaenda kuiulizia benki. Kwa kazi yangu hilo lilipunguza kamisheni, lakini ni akiba ya maisha ya mtu ile.

Tahadhari moja kuhusu 11.431: maelezo niliyoyasoma ni ya darasa la 2006. Miaka miwili baadaye mikopo ya nyumba ya Marekani ilianguka na kuitikisa dunia. Benki ya Lehman Brothers ilifilisika Septemba 2008. Kanuni za hesabu hazijabadilika, lakini soma sehemu za mikopo na masoko ya mitaji ukijua kilichofuata. Kitabu cha kiada hakimo kwenye kifurushi, kinauzwa. Bila kitabu unapata sehemu kubwa, si yote.

11.437 ndilo lililo mbali nasi zaidi, na ndilo lililonifanya niwaze sana kuhusu jiji hili. Kule Marekani serikali za mitaa zinaishi kwa kodi ya majengo inayofuata thamani ya soko. Mji ukijenga barabara, thamani za majengo ya jirani zinapanda, kodi inapanda, na ongezeko hilo linaweza kutengwa lilipie mradi wenyewe. Sasa tazama kwetu. Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi imepandisha matumaini ya kila mwenye kiwanja kandokando yake. Wateja wanaitaja kabla hata ya salamu. Lakini kodi ya majengo tunaikatwa kwenye LUKU, tunaponunua umeme, tangu 2021, kwa kiwango kimoja: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 1,500 tangu 2023. Nyumba ya mtaa wa bei kama Forest na nyumba ya mtaa wa hali ya chini kama Iganzo zinalipa sawa. Ni rahisi kukusanya, hilo nalikubali kabisa. Ila ongezeko la thamani lililoletwa na barabara ya umma linabaki lote kwa mwenye kiwanja, na jiji halina cha kurudisha kwenye mitaro na taa. Natamani madiwani wetu wasome sura hizo.

Somo hilo linaeleza pia sheria yao ya 1977 inayozisukuma benki kukopesha hata kwenye mitaa ya kipato cha chini ambako zinapokea amana. Sisi tuna njia yetu: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ukisoma yote mawili utaona kwamba swali la msingi ni lile lile: fedha ya mtaa itarudije mtaani.

Usichokipata humu kabisa ni sheria zetu. Soma kandokando Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007, na Sheria za Ardhi za 1999, Na. 4 na Na. 5 ya vijiji, hasa ukiwa pembezoni mwa jiji ambako shamba la kijiji na kiwanja cha mjini vinapakana. Na anayetaka kazi yenyewe, asajiliwe kama mtaalamu wa mipangomiji au mthamini, njia ni darasani: Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina mipangomiji na kina pia uthamini na masomo ya uwekezaji wa majengo. Kwa kijana wa kidato cha sita wa huku Nyanda za Juu anayesubiri majibu ya udahili, miezi hiyo ya kusubiri inatosha kumaliza 11.433.

Mpangilio ninaoupendekeza: 11.433 kwanza, nyota tano, 11.431 ukiwa na Excel mkononi na mfano wa nyumba unayoijua, nyota nne, 11.437 mwisho, nyota tatu kwa dalali, tano kwa diwani au afisa mipango. Mchoro wa sehemu nne uchore mwenyewe kwa mkono, kwenye karatasi kubwa, ukitumia kodi za mtaa wako.